Semina ya Motisha na Frigo ya Kituo

Tunafurahi kuwatangazia wakaaji wa Kalemie kwamba kiini cha ugonjwa wa sukari kimegunduliwa: wagonjwa wanakosa motisha ya kujitunza. Mimi Ruphin, prezida wa Kamati ya Motisha, nilikigundua ndani ya utafiti wa muuguzi Blandine, aliyezunguka miezi minane nyumba kwa nyumba akiwahoji wagonjwa. Ukurasa wake wa mwisho ulidai kwamba motisha wanayo tele, wanachokosa ni insulini. Tuliuondoa, maana ulivuruga hitimisho.

Tukaandaa semina ya siku mbili kwenye kituo cha afya. Kila mtu anajua kwamba wakubwa hawanywi soda ya moto, na frigo ya kituo ni moja. Niliagiza kwa barua yenye muhuri insulini ihamie dirishani kwa muda, ili kreti tatu za soda zipate nafasi. Blandine alinikumbusha kwamba joto huharibu dawa ile. Nilimjibu kwamba muuguzi mwenye motisha haanzi siku kwa kulalamika.

Saa nane mchana akafika Mama Émérence, muuza samaki wadogo wa ndagala, kuchukua chupa yake ya insulini ya mwezi. Blandine alizitazama chupa zilizoiva juani, akakataa kumpa hata moja. Nyumbani mama alikuwa amebakiza dozi moja, aliyoihifadhi ndani ya chungu chenye mchanga mbichi ili isipate joto. Alikwenda kuileta ajidungie kituoni, akaketi mstari wa mbele wa semina. Katibu wangu akamwandika: mahudhurio mazuri, uso hauna motisha.

Nilipofika soda ya tatu, katikati ya hotuba, macho yaliingia giza. Sukari ninayo miaka sita, ila cheo changu hakikuruhusu kusema. Blandine alinipima, akaguna. Nikamwomba insulini kwa sauti ya chini.

“Ile ya pa dirisha ilishakufa, Papa Prezida,” alisema. “Mu frigo muko soda. Njo vile barua yako ilisema.”

Wote tukamgeukia Mama Émérence. Naye alikuwa ameshapandisha kitenge, anajidunga pajani taratibu.

“Niko na hii moja tu, Papa,” akasema. “Weye kamata motisha. Semina iko na siku ingine, kesho.”

Walinipakia kwenye pikipiki mpaka hospitali nyingine, huko nikapona. Insulini yao ilikuwa ingali ndani ya frigo. Kamati yangu ilikuwa haijafika huko.