Kuku Juu ya Seva

Jumanne, 8 Julai 2025

Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Baridi ya sweta mbili. Mibuni haionekani kutoka jikoni.

Seva imetimiza siku thelathini na moja bila kuzimwa. Ni kompyuta kuukuu niliyonunua duka la steshenari la mjini lilipofungwa. Ipo kwenye rafu ya stoo, na barua pepe zangu zote zinafikia humo, nyumbani kwangu, kwa jina la nyumba yangu, bila kupitia kampuni ya mtu. Mama mkwe wangu, Bibi Lusia, anaiheshimu kwa sababu nyingine: ina joto. Kuku wake mwekundu ameatamia mayai kumi na moja juu yake tangu tarehe 21 Juni.

Saa nane mchana, furaha! Barua ya Bi Anneke, mwalimu mstaafu aliyelala hapa mwaka jana akitazama ndege. Anarudi Septemba na wenzake saba, usiku sita. Vyumba vyangu vinne vya wageni, vyote! Hiyo ndiyo ada ya Eva ya mwaka wa mwisho chuoni. Ila anataka jibu kabla ya saa sita mchana Jumamosi, la sivyo atatafuta pengine. Pengine maana yake kwa Sabina, ng'ambo ya korongo, mwenye vyumba vitano na anwani ya barua pepe ya bure kama watu wote.

Nimejibu saa nane na robo. Nakala ipo kwenye daftari.

Jumatano, 9 Julai

Jua kidogo, kisha likaghairi.

Jibu langu limerudi. Limekataliwa! Sababu: limetoka kwenye laini ya nyumba ya kuishi, na laini za namna hiyo haziaminiki. Nyumba hii ina bati jipya na picha ya kipaimara ya Eva ukutani. Haiaminiki!

Nikawapigia wauzaji wa intaneti. Binti mpole. Akasema kifurushi cha nyumbani si cha kutuma barua kama posta. Akauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamweleza kwamba juu yake kuna kuku. Akasema atamwuliza msimamizi wake.

Eva naye akapiga kutoka Arusha. Nifungue anwani ya bure, dakika mbili, yaishe. Nikamkumbusha kwamba mwezi uliopita nilisimama mbele ya jumuiya nzima, nikatangaza kuwa mimi sipangi chumba kwenye posta ya mtu. Sabina aliuliza kama na stempu nitauza mwenyewe. Watu walicheka mpaka sala ya kufunga ikachelewa. Baada ya hapo mtu anarudi nyuma vipi?

Jioni akaja Hilary, fundi wa intaneti. Dukani kwake mjini kuna laini ya biashara, inayoaminika. Tuipeleke mashine pale, barua itoke, turudi. Alisema pia naweza kutumia simu yake. Hilo nilijifanya sikulisikia. Aliponyoosha mkono amwondoe kuku, mama mkwe akatamka neno moja la Kiiraqw. Hilary akarudisha mkono mfukoni. Mayai yakipoa siku tatu kabla ya kuanguliwa, vifaranga watakufa, na aliyewaua atatajwa kwa jina kila Krismasi.

Namwelewa. Ila nina mpango.

Alhamisi, 10 Julai

Mawingu. Upepo wa kuinua vumbi.

Mpango: seva na kuku wasitenganishwe. Mama mkwe yuko kliniki ya macho mpaka saa tisa. Mume wangu, Vedasto, alitoa pikapu bila kuuliza, ndiyo sababu niliolewa naye. Seva kitini, ikila umeme wa betri na inveta. Kuku juu ya seva. Tenga juu ya kuku. Kitenge juu ya tenga. Mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Njiani tukampita Sabina, akauliza tunampeleka mgonjwa gani. Nikajibu: seva. Akasema pole.

Tulipofika mlangoni kwa Hilary, umeme wa mtaa mzima ukakatika. Intaneti hakuna. Tukasubiri. Na betri nayo ikaisha! Vedasto akapiga chafya, kuku akaruka, akaingia duka la jirani, Bwana Abbasi, akapanda juu ya mashuka ya Kimasai. Nikayatia mayai yote kumi na moja ndani ya sweta, nikaketi kwenye ngazi ya duka, mikono kifuani, nikipumua kwa kiasi. Abbasi hakukasirika. Alisema katika miaka ishirini hajaona mteja aliyekwenda moja kwa moja kwenye rangi yake.

Sabina akapita na kapu la sokoni. Akaniona. Hakutania. Hilo liliniuma zaidi.

Umeme haukurudi. Mayai yote mazima. Mama mkwe anauliza mbona kuku ana uzi mwekundu mguuni. Sijui.

Ijumaa, 11 Julai

Manyunyu.

Hilary ameitwa kazini Endulen, hatarudi mpaka Jumapili. Nimeliandika jibu upya kwa mkono, mwandiko safi, pamoja na anwani ya Bi Anneke, nikalibandika mlangoni mwa stoo ili lisipotee.

Saa kumi Sabina akaja kuazima ungo. Alikaa stooni muda mrefu kuliko unaotosha kuchukua ungo. Alipotoka alinitazama, akasema, "Mama Eva, wewe!" Basi, akaenda. Nikahesabu nyungo. Umepungua mmoja tu.

Jumamosi, 12 Julai

Jua safi. Mlima Oldeani unaonekana mpaka kileleni.

Vifaranga! Kufikia saa nne wako kumi. Mama mkwe kapiga kigelegele. Kuku kashuka mwenyewe. Nikazima seva, nikaiwasha, kama alivyosema yule binti. Nikatuma saa tano na nusu. Likakataliwa saa tano na dakika thelathini na moja.

Saa sita kamili nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mahindi. Sikulia. Nilikuwa namenya vitunguu.

Saa nane seva ikalia. Bi Anneke! Anashukuru kwa jibu la jana. Wote wanane wanakuja kwangu. Jirani yangu Sabina alimtumia picha ya barua yangu ya mlangoni, akaeleza kuwa posta yangu inaumwa, na kwamba maandazi yangu ni mazuri kuliko yake.

Nikavuka korongo na maandazi ya moto na ahadi ya vifaranga wawili wakishaacha mama yao. Sabina hakunificha. Alikuwa ameshaandika nusu ya barua, kwamba kwake vyumba ni vitano. Kisha akanikumbuka pale ngazini, mayai kifuani. Akafuta. Alisema ada ya Eva ikikosekana nitahama Ganako, na yeye atabaki kumcheka nani? Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

Nimetafakari kwa utaratibu. Barua ya Bi Anneke imefika wapi? Kwenye seva yangu. Kwa hiyo seva inafanya kazi. Kasoro ni anwani ya bure ya Sabina, barua zetu kuzunguka kwa watu. Dawa: nimfungie naye seva, stooni kwake. Nimempigia Hilary. Anasema mwenye steshenari amebakiwa na kompyuta mbili. Alianza kusema na jambo jingine, nikakata simu.

Mama mkwe anashauri nichukue zote mbili. Ana bata anayetafuta pa kuatamia.

Nalala sasa, saa tano na dakika ishirini.