Ngazi Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Juni
Nasikitika kuandika kwamba leo nimesema uongo. Mjalidi, rafiki yangu mfunga vitabu, amelazwa hospitali. Alhamisi saa tatu watamkata mguu. Kwa miaka arobaini na miwili yeye ndiye anayezisoma riwaya zangu za vijana kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha hushona nakala ya kwanza kwa mkono wake. Hapo ndipo husema kitabu kimekwisha. Amemtuma mkwe wangu aniambie niende, nikae naye kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Wodi iko juu, mwisho wa ngazi. Ndimo alimofia marehemu mke wangu. Nikamwomba mkwe radhi, nikasema mguu wangu umevimba. Nikampa sura ya tisa ya riwaya ninayoiandika ampelekee badala yangu. Humo kijana anaingia katika nyumba inayoungua kumtoa rafiki yake. Ni sura nzuri.

Jumanne, 4 Juni
Mkwe aliniuliza, kwa adabu, imekuwaje jana nichechemee mguu wa kushoto na leo wa kulia. Nikamjibu kwamba maradhi ya uzeeni huhama. Akasema haya baba, akaendelea kuosha vyombo kwa kishindo.

Sura ya tisa imerudi. Pembeni, kwa penseli, Mjalidi ameandika: Mtoto wako kapita motoni, wewe ngazi ishirini na nne zimekushinda? Chini yake: Umesahau nukta ukurasa wa sita. Ni kweli. Nimeiweka.

Hata hivyo nimepata hila. Mjalidi hajawahi kukiacha kitabu kabla ya kuujua mwisho wake. Imebaki sura ya kumi, ambamo kijana anakwenda kumuaga rafiki yake mgonjwa. Nikiizuia, Mjalidi hawezi kufa. Nimeifungia kabatini. Nadhani huu nao ni ujasiri wa namna yake.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda. Naomba ijulikane kwamba nimekwenda. Nilivaa koti, nikafika saa ya kutazama wagonjwa, nikapanda ngazi kumi na moja. Harufu ya dawa ikanipokea, ile ile ya mwaka ule. Kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa akishuka na beseni la nguo za Mjalidi. Bwana huyu hajafungua kitabu tangu aache shule. Kila siku yuko pale, anamnyoa, anamfulia, anampa umbea wote wa kibandani kwake. Akaniambia, mzee, panda tu, amekuulizia tangu asubuhi, hata mimi sura yangu imemchosha. Nikasema samahani, nimesahau miwani. Akasema si hiyo umeivaa. Nikamweleza kwamba hii ni ya kutembelea. Nikamshukuru, nikashuka.

Njiani nilimwonea wivu. Mwenyezi anisamehe, nimelionea wivu beseni la nguo chafu.

Alhamisi, 6 Juni
Nilikusudia kutoka saa moja. Nikaitoa sura ya kumi niende nayo, nikaona sentensi ya mwisho haijakaa sawa. Haingekuwa heshima kumpelekea mgonjwa sentensi iliyopinda. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tano. Mkwe akaingia na viatu vyake, akaketi kwenye kiti changu bila kuomba ruhusa. Alisema yeye na Kinyozi waliwachelewesha madaktari dakika kumi kwa ajili yangu. Kinyozi alimshika Mjalidi mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hakutoka hai. Mkwe alisema, baba, alikuwa akitazama ngazi tu.

Nikamwuliza kama angependa chai.

Ijumaa, 7 Juni
Mazishi ni kesho. Familia imeniomba nizungumze, kwa kuwa hakuna aliyemjua zaidi yangu. Nimeandika kurasa tatu juu ya urafiki. Sijapata kuandika vizuri hivi. Nikampelekea Kinyozi azisome kwa niaba yangu, maana sauti yake hufika mbali. Amezirudisha. Amesema, mzee, maneno yako, rafiki yako, makaburini unapajua, njoo mwenyewe. Nimemwandikia barua ya kuomba radhi, na nyingine kwa familia.

Kesho sitaweza kutoka, kwani nimegundua kosa kubwa katika sura ya kumi. Kijana anasitasita mno njiani. Nitamfikisha kitandani kwa rafiki yake saa mbili na nusu, tena mbio, ngazi mbili mbili.