Mwanza Ni Karibu, Dodoma Ni Mbali

Jumatano, 3 Septemba

Majina yametoka. Justa wangu amechaguliwa kusoma isimu vyuo viwili, kimoja Mwanza, kingine Dodoma. Viwili! Mimi niliishia darasa la saba, na darasa lenyewe lilivuja. Sasa athibitishe kimoja kwa namba ya siri itakayotumwa kwenye simu yangu, maana ndiyo aliyoijaza kwenye fomu.

Nilimuuliza isimu ni nini hasa. Akasema ni kuichunguza lugha kama mimi ninavyochunguza sururu kabla ya kuileta dukani kwangu kuwauzia wachimbaji: mpini umeingiaje, chuma kimepinda wapi. Nikasema nimeelewa. Karibu nimeelewa.

Akiwa Mwanza atarudi hapa Katoro kila Jumamosi. Akiwa Dodoma, Krismasi. Tangu mama yake, Salome, afariki mwaka jana, nyumba ina sauti mbili tu. Ikibaki moja, hiyo si nyumba, ni stoo. Uamuzi: aende Mwanza. Ila asijue aliyeamua. Kumwambia wazi ni ubinafsi. Kupanga kimyakimya ni malezi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempigia shemeji Jilala, kaka wa marehemu, kule Samuye. Justa humsikiliza kuliko mtu yeyote. Nikamwomba aje amwambie, kama wazo lake mwenyewe, kwamba mtoto wa kike hasomi mbali. Akauliza kama kuna nyama. Nikasema ipo.

Jumamosi, 6 Septemba

Jilala alianza vizuri. Akakohoa, akasema kuna jambo. Justa akamwamkia, akamletea maji, akamuuliza Kisukuma kina majina mangapi ya rangi za ng'ombe.

Basi! Mwenye madoa mgongoni ana jina lake. Mweusi mwenye tumbo jeupe, lake. Justa anaandika, anamrudisha nyuma, anauliza kama jina hilo ni la jike pia. Saa nne nzima! Majina hamsini na mawili! Sijawahi kuona mtu anasikiliza hivyo, isipokuwa mama yake. Salome alizima redio kwanza, hata kama unamwambia chumvi imekwisha.

Mwishowe Jilala akatangaza kwamba binti huyu aende Dodoma, na baada ya Dodoma aende mbele zaidi, majina haya yasife na wazee. Ndipo akakumbuka nyama. Akala na yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Mpango wa pili: Chacha, jirani yangu, fundi pikipiki. Yeye Mkurya, mimi Msukuma, kwa hiyo ni mtani wangu. Ana ruhusa ya kusema lolote na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Siku ya mazishi alijifunga kitenge cha Salome, akaiga alivyokuwa akigombea bei ya dagaa, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Sijamaliza kumshukuru.

Nikamwomba amtishe Justa habari za Dodoma: vumbi, upepo, ukame. Akakubali haraka mno. Ningepaswa kushtuka hapo.

Baada ya ibada akasimama mlangoni kwangu, akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Justa! Huyu Msukuma anaogopa kusonga ugali peke yake! Nenda Dodoma, mwanangu. Mimi nitakula naye kila jioni, nihakikishe hajiunguzi!" Kisha akambeba jogoo wangu kwapani, haki ya mtani, akaondoka naye.

Justa alicheka mpaka akakaa chini. Hasara ya jogoo. Lakini kicheko kile! Tangu mwaka jana sijakisikia.

Jumatatu, 8 Septemba

Ujumbe wenye namba ya siri umeingia. Nikawaza: akipata siku chache za kutulia, atafikiria Mwanza. Nikaitumbukiza simu, kitochi changu, ndani ya buti la mpira rafuni. Saizi ile haijapata mnunuzi tangu Pasaka. Nikamwambia Justa simu imepotea. Nikamwachia duka, nikaenda kunywa chai.

Kurudi, Justa ananipokea kwa furaha. Ameuza yale mabuti makubwa yaliyoshindikana! Kayachukua Onesmo, mchimbaji mwenye miguu kama mitumbwi, na gari lake limeshaondoka kwenda machimboni Mwakitolyo.

Nikampongeza. Ningefanya nini?

Jumanne, 9 Septemba

Justa ameazima simu ya Chacha, akapiga namba yangu, huenda aliyeiokota ni mwungwana. Akapokea Onesmo kwa malalamiko. Buti la kushoto limeita akiwa analivaa mbele ya wenzake, na sasa mduara mzima, shimo lao lote la dhahabu, unamwita Mtandao.

Justa akamwomba amsomee ujumbe. Akazisoma tarakimu moja moja, wachimbaji wakimsahihisha nyuma. Justa akaziandika kiganjani. Kisha akanitazama. Mama yake naye alikuwa hivyo, anakuachia kosa lako likupike polepole.

Nikakiri yote. Akasema, "Baba, mimi nilishaamua Mwanza tangu Jumatano. Sikutaka kukuacha peke yako. Lakini mjomba amenionyesha kazi ilivyo kubwa, na Mzee Chacha ameahidi kula na wewe. Sasa naweza kwenda Dodoma."

Laiti ningekaa kimya! Ningekaa tu kwenye kiti changu!

Amethibitisha Dodoma. Kisha akanionyesha ukurasa wa daftari lake: Maneno ya Mama. Jinsi Salome alivyofukuza kuku, alivyomnyamazisha mtoto wa jirani, alivyoniita mimi nikichelewa. Kila neno na siku yake. Nilidhani ni mimi tu niliyekuwa nayahifadhi, na mimi sina daftari la maana, nina hili tu. Nikamwambia aende, na aende kifua mbele.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejifunza. Ujanja haulipi. Naandika hapa ili nisisahau: sitaingilia mambo ya Justa tena.

Jioni ameniambia kwamba mwaka wa tatu atakwenda kukusanya lugha, wiki kadhaa, mahali penye maneno ambayo hayajaandikwa popote. Nikauliza, bila kuonyesha haja, kama Katoro yapo. Akasema labda machache.

Nimeanza kuyatunga. Hadi sasa nina kumi na manne, yote ya sururu na kamba. Wateja wanne wameahidi kuyatumia kila siku. Kufikia mwaka wa tatu yatakuwa yamezeeka vizuri.