Ombi la Kukatwa kwa Mti wa Kōwhai Pamoja na Mwimbaji Wake

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Marae, uwanja wetu wa ukoo wa kukutania, ambaye pia ni Shangazi Ngāhuia,

Shikamoo Shangazi. Pokea heshima zangu zote, na zisipotosha nitaongeza Jumapili nikija kula. Nimesikia kamati inakutana kesho kuamua kama ule mti wa kōwhai wa langoni ukatwe, tupate pa kuegesha magari. Mimi nasema ukatwe. Mimi na shule tuliachana kwa amani, lakini hoja ninazo.

1. Yule ndege tūī anayekaa humo, yule mweusi mwenye kishada cheupe kooni kama kola ya mchungaji, huanza kuimba jua lenyewe likiwa bado linasitasita. Wala haimbi vibaya, na hapo ndipo tabu ilipo. Angeimba vibaya tungemzomea tukalala. Huanza kwa sauti tamu kama asali, akakohoa, akakwaruza kama mlango mkavu, kisha asali tena. Unabaki umekodoa macho kitandani, unangoja asali. Mimi, mkata manyoya ya kondoo hodari kuliko wote bondeni (muulize yeyote isipokuwa Mjomba Pāora), nachelewa kazini kwa ajili ya starehe!

2. Anawaharibu wazee. Huyo Mjomba Pāora, asiyenyamaza hata kanisani, siku hizi anakaa chini ya mti mpaka chai inapoa. Nilimsalimia, akanijibu, "Hebu nyamaza wewe, kuna mtu anaongea." Mtu! Na mimi ni nani, chungu?

3. Hili ndilo lenyewe. Walipokuja wageni wa pwani, niliruhusiwa kwa mara ya kwanza kusimama kuwahutubia, katika nafasi ya marehemu Babu. Na nilihutubia, Shangazi, usijifanye hukusikia. Nilisalimu milima yao, mito yao na wafu wao, nikachomeka na kichekesho. Nikamaliza, nikasubiri akina bibi wasimame nyuma yangu waimbe, maana msemaji asiyeimbiwa ni sawa na mtu aliyetoka bila suruali. Hapo hapo huyo tūī akafungua koo. Akina bibi, waliokwisha nyanyuka nusu, wakatazamana. Bibi Mereana akasema, uwanja mzima ukasikia, "Wimbo ameshapata, tena umeishinda hotuba." Wakaketi! Wageni wakatikisa vichwa kwa raha. Mpaka leo vijana wakiniona huniuliza, "Vipi, mkeo wa mtini hajambo?" Sasa mkimpa nafasi ya Babu binamu Tāwhiri, anayeimezea mate siku nyingi, nitajua imeanguka kutoka tawi gani.

4. Ni mwizi. Ameiba mluzi wa Babu, ule wa kuwaita mbwa washuke kilimani, pamoja na kile kimwisho chake kinachopanda. Babu tulimzika majira ya baridi, lakini ndege anaupiga kana kwamba hakuna aliyemwambia. Mbwa mzee huamka, akaenda mpaka langoni, akarudi. Na mimi nimewahi kwenda mpaka langoni, ila mimi nilikuwa na shughuli zangu.

Kwa hayo naomba mti ukatwe na ndege ahamishiwe kwa majirani, ambao kwaya yao inahitaji msaada. Msumeno wangu nautoa bure, tena nimeshauweka barazani na kumtangazia kila mtu, mwenye haraka auchukue.

Nisalimie nyumba nzima. Mwambie Bibi Mereana sijamsamehe, ila mikate yake naikubali.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Tiaki Horomona,
Msemaji wa Familia (anayesubiri kuthibitishwa).

N.B. Shangazi, haya nayaandika nyuma ya bahasha, na ukiona mwandiko umepinda ni kwa sababu niko juu ya kōwhai. Tāwhiri hakungoja kamati. Kachukua msumeno barazani, kaja nao asubuhi hii, na sasa anabweka huko chini, "Shuka, si wewe uliyeomba?" Sishuki. Kama anaitaka nafasi ya Babu mpeni, ahutubie mpaka meno yamtoke, ila mti auache. Magari yaegeshwe kwangu, pale kwenye kabichi. Nitumie chai na mkate, na atakayeleta aje akinyata. Ndege ndiyo kwanza ameanza kuimba.