Kipara, Sola na Benchi Letu

Redio ya kinyozi ndiyo kwanza ilikuwa inatangaza kuwa umeme utakatwa siku tatu kila wiki, kwa miezi minne, ili nguzo zibadilishwe. Haikumaliza habari. Ilinyamaza katikati ya neno, na mashine ya kunyolea nayo ikanyamaza, ikiwa imefika utosini mwa mteja.

"Hawa wamekata hata kabla ya kumaliza kutuambia wanakata," akasema Waziri.

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya nyumba ya kinyozi. Tunamwita Kipara, maana kichwani hana hata unywele mmoja wa kumtangazia kazi. Chumba cha mbele ananyoa, chumba cha nyuma mkewe, Mama Sare, anashona sare za shule kwa cherehani ya umeme. Uwanja hauna kivuli cha kudumu, kwa hiyo benchi letu huhama na kivuli cha ukuta kutwa nzima, na sheria ni moja: anayefika wa mwisho ndiye mbebaji. Mbebaji huwa Waziri, ambaye uwaziri wake tulimpa sisi kwa sababu ya kuongea. Kazi nyingine hatumjui nayo.

Yule mteja akatoka nje na taulo shingoni, upande wa kushoto mweupe, wa kulia msitu.

"Mwanangu, leo una safari?" Mita akamuuliza. Mita ni mstaafu. Miaka thelathini alizunguka nyumba za watu akisoma mita za umeme, na tangu astaafu anajiona umeme wenyewe ni binamu yake.

"Naenda ukweni, mzee. Saa tano najitambulisha."

"Hakuna shida," akasema Waziri. "Kaa kiubavu. Wape upande wa kushoto, huo wa kulia watauona mkishaoana."

Mteja hakucheka. Kipara akatokea mlangoni akiipuliza mashine, kana kwamba tatizo ni nywele zimeziba.

"Jamani, nishaurini," akasema. "Mke wangu kanipa mpaka leo. Fundi wa sola anakuja sasa hivi kupima. Nikikubali, tunafunga. Nikisema tena nitafikiria, anahamishia cherehani kwa dada yake."

"Cherehani peke yake?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo panaponikosesha usingizi. Hakusema."

Tukatazamana. Mwaka mzima Kipara amekuwa akifikiria. Kwa umeme kukatika ovyo, sare za muhula uliopita zilitoka wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, na Mama Sare ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya wazazi kuomba radhi.

"Weka sola," akasema Mita. "Mimi nimeujua umeme tangu ndevu zangu nyeusi. Sola haina bosi."

"Na siku ya mawingu?" akauliza Waziri.

"Ina betri. Inakula leo, inaweka na ya kesho."

"Na usiku wa mbalamwezi? Mwezi nao si mwanga?"

"Mwezi umejiunganishia kwa jua bila mita," akasema Mita. "Ningekuwa bado kazini ningeshaukata."

"Wewe kwako umeweka?"

"Kwangu natumia kibatari."

"Miaka thelathini kazini, kibatari?"

"Wewe hujasoma zile mita. Mimi nimezisoma."

Hapo hata mteja alitabasamu, kwa upande ule ulionyolewa. Tukakubaliana wote kwamba sola ndiyo habari ya mjini. Waziri alishaanza kumpangia Kipara mahali pa kuweka feni ya wateja, na Kipara uso ukamchangamka.

Fundi akaja, dada mmoja mwenye ovaroli na ngazi begani. Akasalimia, akapanda paani, akatazama huku na huku, akashuka.

"Paa halifai," akasema. "Lile ghorofa la jirani linaliziba kuanzia mchana. Jua la kutwa liko hapa mbele tu. Tunachimbia nguzo nne ndefu, paneli zinakaa juu yake."

"Hapa mbele wapi?" akauliza Waziri.

"Hapo ulipoweka miguu."

Waziri akaitazama miguu yake. Akaiondoa, kisha akairudisha.

"Kipara," akasema taratibu, "mambo haya hayataki papara."

"Hata mimi nilitaka kusema," akadakia Mita. "Kuna mionzi. Unakaa chini yake, inakushukia."

"Mionzi gani, mzee? Si ni jua lile lile?" akasema fundi.

"Jua likiwa huru halina neno. Likishafungwa kwenye nyaya linakasirika."

"Kuna mtu aliweka sola," akasema Waziri, "kuku wake wote wakaacha kutaga."

"Mtu gani?" fundi akauliza.

"Mtu mmoja."

"Kwani Kipara ana kuku?"

"Je, akija kufuga?"

Na mimi sitajitoa. Nilikohoa, nikasema nimesikia radi huzipenda sana paneli. Sikuwa nimesikia popote. Nilikuwa nalifikiria benchi, kwani nyumbani kwangu nikikaa bure natumwa sokoni.

Kipara akatugeukia mmoja mmoja. Uso ukaanza kumshuka.

"Basi, dada," akamwambia fundi, "labda niende nikafiki..."

Hakulimaliza neno. Chumba cha nyuma tulisikia kifuniko cha cherehani kikifungwa, tap. Mama Sare akatoka ameikumbatia mashine yake, waya umezungushwa vizuri, kanga ya safari begani.

"Shemeji, mbona hivyo?" akasema Waziri. "Tunamshauri tu."

"Nimewasikia. Endeleeni."

Alisema kwa upole, na upole ule ulitutisha kuliko angefoka. Kipara alibaki na mashine yake ya kunyolea, mkewe na ya kushonea, zote mbili zimekufa.

Aliyesema alikuwa mteja.

"Mimi si mtu wa kijiwe hiki," alisema. "Ila naombeni mnitazame."

Akavua taulo, akazunguka polepole, kushoto, kulia. Tukamtazama. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kipara akavuta pumzi. "Fundi," akasema, "chimba." Kisha akamwendea mkewe, akaipokea ile cherehani. Mama Sare hakuiachia mara moja. Alimtazama kwanza kama anayekagua mshono, halafu akaiachia. Nilimfurahia Kipara, na mimi mwenyewe nikajionea aibu.

"Benchi lenu silifukuzi," akasema fundi, akipima kwa hatua. "Paneli ni kama paa. Mtakaa chini yake, kivuli kutwa, hamtahama tena."

"Kumbe," akasema Mita.

"Si ndiyo maana nilisema sola ni nzuri," akasema Waziri. "Tangu asubuhi nasema."

"Na mionzi?" fundi akamuuliza Mita.

"Ikija tutazungumza nayo."

Mama Sare akaenda ndani, akarudi na mkasi wake wa vitambaa, akamkalisha mteja kwenye benchi na kumalizia kichwa. Alimkata sawasawa kama ukosi wa shati. Mteja akaondoka mbio.

"Jambo moja," akasema fundi akikunja kamba yake. "Hapa ni barabarani, vumbi jingi. Paneli zifutwe kila asubuhi, la sivyo umeme utapungua. Nani atafuta?"

Tukawa wote tunatazama barabara.

"Si mna sheria yenu?" akasema Mama Sare. "Benchi halihami tena. Basi anayefika wa mwisho habebi. Anafuta."

Wiki iliyofuata paneli zilikuwa juu. Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumbani kabla chai haijachemka, nikijua nitakuwa wa kwanza. Nikamkuta Mita na koti. Nikamkuta Waziri, mtu ambaye hajawahi kuamka kabla ya saa tatu tangu nimjue, amekaa wima amekumbatia kijiti kirefu chenye tambara. Akanisogezea nafasi, macho yake mlangoni mwa Kipara, nikakaa. Ndani cherehani ilikuwa inaunguruma.

Mlango ukafunguliwa. Kipara akatoka na mswaki mdomoni, akapiga mwayo, akatushangaa.

"Mbona mapema hivi?"

Waziri akainuka, akamkabidhi kijiti kwa mikono miwili.

"Umechelewa," akamwambia.