Mama Mazu Abaki Angani

Jumatatu, 4 Machi
Bosi Kuo anataka mtu wa kupanga picha ya msafara wa Mama Mazu, mungu wa bahari, kwenye kompyuta: machela, wabebaji, mungu mwenyewe juu. Wazee wa hekalu wanakuja Ijumaa kutazama. Nimejitolea upesi, kabla Fan Yu-chen wa meza ya pili hajafungua mdomo. Sijawahi kupanga hata kikombe mezani. Lakini Yu-chen akiipata kazi hii, atatamba mwaka mzima.

Jumanne, 5 Machi
Nimemkalisha Mama Mazu kwenye machela kwa kubahatisha namba za mahali pake. Amekaa vizuri. Nikasogeza machela. Machela ikaenda, Mama Mazu akabaki angani kama nguo iliyosahaulika kambani. Yu-chen alikuwa nyuma yangu na chai yake ya maziwa.
"Kaka Tseng, hapo umeweka mayatima watupu. Kila kitu kipe mzazi. Mzazi akisogea, mwana anafuata."
Nikamwambia najua, nilikuwa napima upepo.

Jumatano, 6 Machi
Nimemfanya Mama Mazu mwana wa machela. Akarukia paa la hekalu. Kumbe namba za mwana huhesabiwa kutoka kwa mzazi wake, si kutoka katikati ya uwanja. Asubuhi nzima imepotea kumshusha.
Mchana nikapata wazo. Kila mtu anazisifu taa ambazo Yu-chen amezipanga kuzunguka uwanja. Nikazifanya zote wana wa machela yangu. Atakayeuliza, ni mali ya msafara wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee Hung wa hekalu aliomba machela ikuzwe kidogo. Nikaikuza. Wana wote wakakua nayo. Taa zikavimba, zikameza wabebaji, zikamfunika Mama Mazu usoni. Mzee Hung akauliza kwa upole kama hekalu linaungua.
Yu-chen akachukua kipanya, akazitoa taa, akazirudisha mahali pake. Wazee wakampigia makofi. Bosi akampa kazi yeye, akaniagiza nikae kando yake nijifunze.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejifunza. Aliye juu kabisa ndiye anayeamuru wote. Yu-chen alipokwenda kununua maandazi ya nyama, nikaweka mzazi mpya juu ya kila kitu, nikamwita Tseng. Jina nikalikosea herufi. Nikamfuta ili nianze upya, nikahifadhi.
Akafutika pamoja na wana wote, na wajukuu. Uwanja ni mtupu.
Yu-chen amerudi, ananiuliza msafara uko wapi. Nimemwambia kompyuta yake imechoka, bora angeniachia mimi kazi hii.