Safu Mbili za Mizabibu

Jumatatu, 19 Januari 1976
Mwezi umeanza kupungua. Hapa Ureno ni wakati wa podar, yaani kupogoa mizabibu. Wahispania ng'ambo ya mto nao husema podar vilevile. Shindano la kijiji la kupogoa ni Alhamisi. Mshindi hubeba bendera ya mtakatifu siku ya sikukuu. Miaka saba mfululizo imebebwa na Evaristo, jirani yangu. Miaka saba! Mke wangu Deolinda anasema niache hila, ninoe mkasi. Hajui mambo.

Jumanne, 20 Januari
Nimepata! Nitampogolea Evaristo mizabibu yake. Vibaya.

Jumatano, 21 Januari
Alfajiri, ukungu mzito. Nikahesabu safu kutoka mlangoni kama nilivyozoea tangu utotoni: kumi na mbili zangu, zinazofuata zake. Ya kumi na tatu na ya kumi na nne nikazikata hadi vigutu. Sikubakiza hata jicho moja la kuchipua. Mkono umevimba. Raha iliyoje!

Alhamisi, 22 Januari
Balaa. Mwamuzi huwa Bi Generosa, huvushwa kutoka Hispania kwa sababu hapa hatuaminiani. Akasimama kwenye vigutu, akauliza muuaji ni nani. Nikamwonyesha Evaristo. Yeye akanionyesha jiwe la mpaka.
"Abílio, jiwe si lile kule? Hizi zako, baba!"
Nilisahau! Jiwe nililisogeza mwenyewe Septemba, kabla ya mavuno, nijipatie safu hizo mbili. Nikisema kweli, mimi mwizi. Nikinyamaza, mimi mpogoaji mbovu kuliko wote. Nikanyamaza. Kijiji kizima kikacheka, isipokuwa Evaristo. Alikuwa akivishika vigutu kimoja kimoja. Niliona aibu. Kweli kabisa, robo saa nzima. Bendera kaipata yeye.

Ijumaa, 23 Januari
Jiwe nimelirudisha. Vigutu sasa ni vyake. Mjinga nani?

Jumamosi, 24 Januari
Evaristo kabisha hodi, macho mekundu. Kumbe alijua habari ya jiwe tangu Septemba, akaona haya kunishtaki.
"Ahsante kwa kunirudishia safu zangu, jirani. Zilipandwa na marehemu baba. Usijali, mizabibu ina roho ngumu, itachipua tu."
Akanikumbatia mbele ya Deolinda, akatualika chakula. Supu ya kabichi na soseji. Deolinda alilia, eti hatimaye nimekuwa mtu. Nami machozi yalinilengalenga.
Supu tamu mno! Kabichi zake ziko nyuma ya zizi langu, zinapakana na ukuta. Wakati wa kurudi nililitazama jiwe la mpaka wa huko. Ni dogo kuliko lile. Mtu mmoja analibeba.